Mwanangu, usiliminye tumbo la simbilisi

Kamwene mwanangu,

Picha nimeiona jana usiku mtandao uliporudi, nikaikuza mpaka macho yakauma, ila picha ya simbilisi, hawa wanaoitwa guinea pig, amejikunyata kwenye kona ya boksi haimwambii mtu kitu, wote wakikaa ivo wanaonekana wana mimba hata dume. Umeniuliza mama huyu ana mimba au ni shibe tu. Simu ingekatika katikati, bora nikuandikie.

Kwanza tarehe. Uliniambia dume umemwingiza tarehe 3 Mei na hujamtoa. Jike anaingia joto kila baada ya siku 16 ivi, kwahiyo kama alishika basi alishika kati ya tarehe 3 na 19. Mimba yao ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, sungura mwezi mmoja kashazaa ila simbilisi ni siku 59 mpaka 72, wengi wanaangukia kwenye 65 na kidogo. Hesabu mwenyewe utaona mapema kabisa ni tarehe 1 Julai na mwisho ni kama tarehe 30. Andika ukutani kwa mkaa, usitegemee kichwa.

Leo ni tarehe 14 Juni, kama alishika siku za mwanzo ana wiki sita, na wiki sita sio za kubahatisha tena. Fanya ivi: jioni akishakula na kutulia, usimguse kabisa, kaa chini pembeni yake utazame ubavu. Ukisubiri utaona ngozi inaruka kidogo, inatulia, inaruka tena upande mwingine, kama mtu anasogeza kidole chini ya blanketi. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilikaa pale jikoni mpaka ugali ukaungua. Shibe haichezi mwanangu, anayecheza ni mtoto.

Umbo nalo linasema. Mnene wa kula ananenepa kote, shingo inapotea, mabega yanajaa. Mwenye mimba mbele anabaki vilevile alafu tumbo linatanuka pande mbili kama punda aliyebebeshwa magunia. Mpime kwenye mizani ya jikoni kila Jumapili asubuhi kabla hujampa majani, uandike. Ila kumbuka wako bado binti anakua, akiongezeka kidogo isikupe uhakika peke yake, akiwa anaongezeka haraka kila wiki na tumbo ndo linatanuka hapo sawa.

Sasa lile la kubonyeza tumbo kutafuta mimba, najua mmeambiana huko. Ni kweli mwenye mkono wake akipapasa kwenye wiki ya tatu au ya nne anahisi vidonge vidonge, lakini mle ndani kuna figo na kuna mavi yamejipanga nayo yanahisi vilevile, na wewe ukitafuta utaminya, na ukiminya mimba inaharibika. Nakukataza. Kwani ukijua leo au ukijua wiki ijayo kuna nini kinabadilika, majani si ni yaleyale? Ukilazimika kumbeba kwa ajili ya mizani, mkono mmoja chini ya kifua mwingine ukae chini ya matako ubebe uzito wote, usimnyanyue kwa mabega ukaacha tumbo linaning'inia.

Nakusisitiza manake nishaumia. Miaka ile wewe uko shule nilinunua jike mnadani, mkubwa mzuri wa rangi mbili, aliyeniuzia akasema hajawahi kuzaa, mimi nikafurahi kumbe ndo shida yenyewe. Jike akipitisha miezi sita saba hajazaa, mifupa ya nyonga pale mbele inakaza, siku ya kuzaa haifunguki. Alisukuma usiku kucha anatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa simbilisi, asubuhi kafa na watoto watatu ndani. Wako usiogope, alizaliwa hapahapa kwangu katikati ya Januari, kapandwa ana miezi mitatu na nusu, umri mzuri kabisa.

Hiyo mifupa ndo itakuambia siku zimekaribia. Gusa taratibu mbele ya uke, sasa hivi utakuta imeshikana. Siku ukikuta ncha ya kidole chako inaingia katikati ujue hazizidi kumi. Usimsubiri atengeneze kiota, hatengenezi, utashtukia tu watoto wana manyoya macho wazi meno yapo na kesho yake wanatafuna majani.

Dume mtoe tarehe 28 mwezi huu. Watu wengi wanamwacha na mimi naona ni kumtesa mama, manake akizaa tu, masaa machache, anaingia joto tena siku ileile na dume hana huruma, anabeba mimba nyingine huku ananyonyesha. Muweke nyuma ya wavu wasikiane sauti. Na watoto wa kiume wakishafika wiki ya tatu watenge, usiwaone wadogo, wakikaa kidogo tu watampanda mama yao.

Chakula, hapa usinifanyie uvivu. Mbuzi anajitengenezea vitamini C mwilini, simbilisi hawezi, ni kama sisi, na mwenye mimba anahitaji zaidi, kwahiyo pumba na mabingobingo peke yake hapana, mtafutie matembele kila siku, ukipata hoho mkatie kipande. Majani ya viazi mviringo usimpe hata kidogo, ni sumu, najua huko yamejaa mashambani. Maji yawepo. Na siku ukiona kaacha kula, hasa hizi wiki za mwisho, usiseme ngoja kesho, mpeleke kwa bwana mifugo sikuhiyohiyo, wakiacha kula mimba ikiwa kubwa wanakufa ndani ya siku chache tu.

Baba yako anauliza kama uliziba lile tundu la banda, paka wa jirani asije akaingia.

Jumapili ukipima nitumie uzito, na kaa jioni utazame ubavu. Ukiona unaruka nipigie hata kama ni usiku.

Mama yako