Kabla Hujamnunulia Binti Laptopu

Tanga

Mwalimu mwenzangu,

Barua yako nimeipata, na habari ya binti kupata nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma imetufurahisha nyumba nzima. Mama watoto alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Hongereni sana.

Sasa umeniuliza umnunulie laptopu gani, ukanitajia tatu ulizoziona dukani, zote mpya, na kwa kila moja umeandika kasi ya prosesa (ubongo wa mashine), ukubwa wa ramu (kumbukumbu yake ya kazi) na nafasi ya diski ya kuhifadhia. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu orodha yako imeacha jambo litakaloamua kama mashine itamaliza naye miaka mitatu ya chuo au itamwachia njiani. Hukuniambia imeundwaje. Fremu yake ni ya nini? Bawaba za kioo zimeshikwa na nini? Inafunguka kwa bisibisi ya kawaida au imegandishwa kwa gundi? Prosesa ya wastani ndani ya umbo imara itamfaa binti kuliko prosesa kali ndani ya umbo linaloachia.

Hapa shuleni tumejijengea mazoea: mtu akipata mashine, au ikimharibikia, huileta chumba cha walimu, tunaizunguka na kuichunguza. Siku hizi wanakuja hata wasio walimu, karani wa mahakama, mpima ardhi, nesi mmoja wa zahanati. Mengi ninayokuandikia nimeyaona pale mezani, na mengine nimeyapata kwa fundi wetu wa mjini, ambaye hachoki kuulizwa.

Nianze na bawaba, maana huko ndiko laptopu nyingi za bei nafuu zinakofia. Ukifungua kava ya chini utakuta bawaba zenyewe ni chuma kizuri tu. Lakini zimefungwa kwa skrubu, na skrubu hizo zimeingia kwenye vijipete vya shaba, na vijipete vimepachikwa kwa moto ndani ya vijiti vya plastiki. Kila unapofunua kioo, nguvu ya mkono wako inaishia kwenye vile vijiti. Miezi inapita, grisi ya bawaba inakauka, bawaba inakuwa ngumu, na plastiki inazidi kubeba mzigo ambao haikuumbiwa. Ndipo siku moja unasikia mlio, kona ya kioo imeachana na mwili, na kijipete kimeng'oka na kipande chake cha plastiki. Mwalimu wetu wa hesabu yalimkuta hayo kabla mashine haijamaliza mwaka wa pili. Bodi kuu ya ndani nzima, diski nzima, kioo kizima, lakini haifungiki tena. Fundi alijaza epoksi, ile gundi ngumu, ikashika kwa muda, ikaachia upande wa pili. Sasa inakaa nyumbani kwake imeegemea ukuta na haiwezi kubebwa. Nilisikitika sana, kwa kuwa aliinunua kwa fedha za mkopo.

Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi hazijengwi hivyo. Bawaba zake hushikwa na fremu ya chuma, mara nyingi aloi ya magnesiamu au alumini, na nguvu inasambaa kwenye fremu nzima. Na hapa ndipo watu wengi wanapopotea: wanaulizana jina la kampuni, “HP ni nzuri?” “Dell je?”, wakati kampuni ileile inatengeneza matabaka tofauti kabisa. Lenovo wana IdeaPad na wana ThinkPad. HP wana Pavilion na wana EliteBook. Dell wana Inspiron na wana Latitude. Tabaka la kwanza hulenga mnunuzi wa dukani anayetazama bei. La pili huuzwa kwa mashirika kwa mamia, na mara nyingi mkataba unamtaka mtengenezaji azihudumie kwa miaka mitatu. Mashine ikivunjika ndani ya muda huo, gharama ni yake. Kwa hiyo anajitahidi isivunjike, na ikivunjika, fundi aifungue haraka. Uimara ule unatokana na hesabu ya fedha, na mimi nauamini kuliko tangazo lolote.

Ninayotumia mimi ni ThinkPad T480, toleo la 2018, niliyoinunua ikiwa imeshatumika Ulaya. Ukinisikia naisifu, uelewe kwamba nimefanyia kazi juu yake matokeo ya mitihani, mipango ya somo na barua za wazazi, na sijawahi kuogopa kuibeba kwenye pikipiki. Ina betri mbili: moja ndani, nyingine inachomolewa nyuma. Umeme ukikatika na betri ya nyuma ikaisha, nachomoa na kupachika nyingine bila kuzima mashine, kwa kuwa ile ya ndani inashikilia. Ramu zinachomolewa, diski inachomolewa, betri ya ndani inachomolewa. Kava ya chini inafunguka kwa bisibisi ya nyota. Na mwili wake ni wa plastiki, mwalimu! Plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kioo, juu ya fremu ngumu.

Nalisema hilo kwa sababu nawe umeandika kwamba ile ya tatu “ni ya chuma, kwa hiyo imara”. Usiamini haraka. Mara nyingi chuma kile ni bati jembamba la alumini lililofunika juu tu, na chini yake ni plastiki ileile niliyokueleza. Alumini nzuri ipo, sikatai. Apple tangu 2008 wanachonga mwili wa MacBook kutoka pande moja la alumini, na mwili huo haupindi kwa urahisi. EliteBook 840 nazo zina kava ya alumini inayoheshimika. Karani wa mahakama anayo ya 2016 na bado kona zake zimekaa sawa. Lakini chuma kikibonyea kinabaki kimebonyea, na plastiki bora hubonyea ikarudi. Uulize kilichomo chini ya ngozi.

Karani huyohuyo ana mkasa mwingine. Alimwagikiwa na chai ya rangi kwenye ThinkPad ya ofisi. Kibodi za mashine hizi zina mifereji chini, na maji hutokea kwenye vitobo vya tumboni badala ya kushukia bodi. Alizima papo hapo, akachomoa chaji na betri, akaiinamisha ikauke. Sukari iliharibu vitufe, kibodi ikabadilishwa, na mashine ikaendelea na kazi. Mwambie binti asiutafsiri mkasa huu kuwa ruhusa ya kuweka kikombe pembeni.

ThinkPad zilianza 1992 kwa IBM. Msanifu wake alikuwa Mjerumani, Richard Sapper, na lile umbo la sanduku jeusi alilichukua kwenye kisanduku cha chakula cha Kijapani. Wahandisi walikuwa Yamato, Japani. Lenovo waliichukua biashara hiyo mwaka 2005. Nakutajia kwa kuwa najua unapenda asili ya vitu.

Turudi Dodoma. Kule kuna vumbi, nawe unalijua. Vumbi linaingia kwa feni, linaziba mapezi membamba yanayopoza bomba la shaba linalotoa joto kwenye prosesa, joto linapanda, mashine inajipunguzia kasi ili isiungue, na mwenyewe anadhani imezeeka. Kwa hiyo swali la kufunguka si la mafundi peke yao. Mashine inayofunguka itasafishwa kwa brashi laini na hewa kila baada ya muhula, na ule uji wa kijivu unaopitisha joto kati ya prosesa na shaba utapakwa upya ukikauka. Iliyogandishwa itaachwa ilivyo mpaka ife.

Na vumbi limewahi kuwaadhiri wakubwa. Mwaka 2015 Apple walileta kibodi mpya yenye vitufe vifupi mno, ili mashine iwe nyembamba zaidi. Chembe ndogo tu ikiingia chini ya kitufe, kitufe kinakwama au kinaandika herufi mara mbili. Ubaya zaidi, kibodi ilikuwa imeunganishwa na kava yote ya juu pamoja na betri, kwa hiyo kubadilisha kibodi ni kubadilisha kipande kile kizima. Mwaka 2018 walitangaza mpango wa kuzitengeneza bure, na mwisho wa 2019 wakaanza kurudi kwenye muundo wa zamani. Kampuni yenye fedha na wahandisi wote wale! Ndiyo maana wembamba haunivutii. Milimita chache zinazopunguzwa, mwenye mashine ndiye anayezilipia.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, unyevu na chumvi ya hewani. Nesi alikuja na mashine iliyopakwa ule mpira laini unaopendeza kushika, ikiwa mpya ni kama hariri. Hapa kwetu unyevu na joto huuvunja mpira ule, unakuwa gundi. Mikono inanata, vumbi linanata, karatasi zinanata. Hakuna dawa zaidi ya kuuondoa wote. Ukiona laptopu yenye ngozi ya namna hiyo, na binti atakuwa akija likizo kwa shangazi yake Tanga, iache.

Mpima ardhi yeye ana Toughbook ya Panasonic, ile yenye mpini wa kubebea na vifuniko kwenye kila tundu. Ameizungusha porini na kwenye mvua, na inafanya kazi. Ni nzito na haimfai mwanafunzi, lakini ukiishika mara moja unaelewa fremu ni nini. Jambo moja nimejifunza kwake: wauzaji wakikuonyesha maandishi ya MIL-STD-810, yaani majaribio ya jeshi la Marekani, uliza ni majaribio yapi. Kiwango kile kina majaribio mengi, mtengenezaji huchagua ya kufanya, na jeshi halimpi cheti. Yanaweza kuwa na maana kubwa au ndogo sana.

Ushauri wangu basi: achana na zile tatu. Kwa fedha hizo tafuta ya ofisi iliyotumika, ya 2018 au baadaye. T480, EliteBook 840 G5, Latitude 7490, yoyote kati ya hizo itakayokuwa katika hali nzuri. Nasema 2018 kwa sababu Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel Core inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Angalia tarakimu zinazofuata kistari kwenye jina la prosesa: i5-8250U au i5-8350U ni sawa. Zikianza na 7 baada ya kistari, hata kama jina la nje ni lilelile, rudisha. Zipo T480 na 840 G5 zilizotoka na prosesa za kizazi cha 7, na muuzaji hatakukumbusha.

Ukifika dukani usikubali kuonyeshwa picha za kioo tu. Shika kona moja ya mbele uinyanyue mashine kwa mkono mmoja; isilie na isipinde. Funua kioo taratibu kwa kushika kona moja, si katikati: kama kona ya pili inachelewa kufuata, au kava inaachia mwanya karibu na bawaba, iache hapohapo. Bonyeza katikati ya kibodi uone kama inazama. Ilaze mezani, ikiyumba, au padi ya kusogezea kishale iliyo chini ya kibodi imeinuka, huenda betri imevimba, na hiyo ni hatari. Hesabu skrubu za chini. Zikipungua, ujue kuna mtu aliingia ndani na hakujali. Tikisa pini ya chaji kidogo ikiwa imechomekwa, uone kama taa inapepesa.

Kisha washa. Kwenye ThinkPad bonyeza F1 inapoanza ili uingie kwenye mipangilio ya mashine; HP ni F10, Dell ni F2. Ikikudai neno la siri la mipangilio, usinunue hata kwa nusu bei, kwa sababu kufuli ile ni ya ofisi iliyokuwa nayo na kuiondoa ni kazi kubwa. Ndani ya Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, na ufungue faili inayotokea. Utaona uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki nusu, si lazima uikatae, ila bei ishuke kwa thamani ya betri mpya. Binti ataihitaji betri siku umeme wa hosteli ukikatika usiku wa kuamkia mtihani.

Wauzaji watakuambia kwamba used ni kubahatisha. Kuna ukweli, ndiyo maana nimekuandikia vipimo vyote hivi, na ndiyo maana udai hata wiki mbili za kuijaribu, kwa maandishi na mhuri. Lakini mpya ya plastiki nyepesi nayo ni kubahatisha, na hiyo huwezi kuipima, kwa sababu udhaifu wake bado haujajitokeza siku unayoilipia. Ile ya ofisi imekwisha kubebwa na kufunguliwa miaka kadhaa. Kama bawaba zake bado zimekaza, umeshapata jibu.

Jambo la mwisho, mwalimu. Lenovo, HP na Dell huweka bure kwenye intaneti vitabu vya kufungulia mashine hizi, na picha za kila skrubu. Mtafutie binti cha mashine yake, akae nacho. Umesema anapenda fizikia. Likizo ya kwanza mpe bisibisi na brashi, akae na wewe mezani, aifungue mwenyewe na kuisafisha. Asiogope ndani ya chombo chake.

Usilipe kabla hujanitumia picha ya kibandiko cha chini chenye namba ya toleo, na picha ya bawaba zote mbili kwa karibu, kioo kikiwa wazi. Fundi wetu amesema atazitazama nami siku hiyohiyo.

Nisalimie mama yake na wadogo zake wote.

Ndugu yako wa chaki,
Tanga