Barua ya wazi kwa Afisa Kilimo wa wilaya yetu: mbolea tunakilishia kiduha

Ndugu Afisa Kilimo,

YAH: KIDUHA KATIKA MASHAMBA YA MTAMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kiduha ni gugu linalojishika kwenye mizizi ya mtama na kuunyonya.

Msimu uliopita, mwezi wa pili, mvua ilipiga siku tatu mfululizo, jambo ambalo sisi wa Dodoma hulishangilia. Siku ya nne nikakuta mtama wangu umenyong'onyea, majani yamejikunja. Jirani akasema ni jua. Jua gani, na jembe linanasa kwenye tope? Nikafukua shina moja kwa vidole, taratibu. Kwenye mizizi kulikuwa na vichipukizi vyeupe, vyembamba, vimeng'ang'ania kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Juu ya ardhi hakukuwa na kitu. Maua mekundu ya kiduha nilikuja kuyaona baadaye sana, mtama ukiwa umeshadumaa.

Ndugu, mwaka huo nilikuwa nimenunua mbolea ya ruzuku. Nilielekezwa kiasi na wakati wa kuiweka, nikafuata. Hakuna aliyeniuliza kama shamba lina kiduha. Mavuno yalipokuwa debe mbili nikaambiwa sikufuata maelekezo.

Kiduha hupenyeza mzizi wake ndani ya mzizi wa mtama, kikavuta maji pamoja na naitrojeni na madini yaliyomo. Mtama nao, ukiwa umebanwa hivyo, hupeleka nguvu nyingi chini kwenye mizizi, shina likabaki fupi na suke likawa jepesi. Kwa hiyo ile hela yangu ya mbolea, sehemu yake ilikwenda kunenepesha mwizi.

Lakini msinielewe vibaya, sisemi tuache mbolea. Udongo wenye njaa ndio unaomwita mwizi. Mzizi wa mtama ukikosa fosforasi humwaga kemikali udongoni, unaita kuvu wa kuusaidia kuipata. Mbegu ya kiduha, ambayo inaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10, inausikia wito huohuo na kuamka. Ndiyo maana mashamba yetu ya kichanga yaliyolimwa nafaka tupu tangu enzi za babu ndiyo yamejaa. Samadi tunayo mazizini, ila ioze vizuri kwanza, maana ng'ombe akila kiduha kilichokomaa anaweza kuturudishia mbegu shambani.

Naomba mambo mawili. Mbegu za mtama Hakika na Wahi ziliidhinishwa nchini tangu 2002 kwa sababu zinahimili kiduha. Nilizuru maduka matatu ya pembejeo mwezi wa kumi na moja. Wauzaji wawili hawajawahi kuzisikia, wa tatu akaniuzia mahindi. Kituo cha utafiti cha Hombolo kiko hapahapa mkoani. Hebu mbegu zifike madukani kabla ya mvua, si baada.

La pili ni wakati wa mafunzo. Mnakuja wakati wa kupanda, mnarudi wakati wa mavuno. Kiduha hutokeza katikati, palizi ya pili ikiwa imekwisha na majembe yametundikwa, watoto wako shambani wanaamia ndege. Hapo ndipo kinapopaswa kung'olewa kwa mkono, kabla ya maua, kwa sababu mche mmoja ukikomaa huacha makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi. Mtufundishe pia kupokezana mtama na karanga au kunde. Huko kiduha huamshwa kikakosa mzizi wa kushika, kikafa.

Shamba langu liko wazi kwa mafunzo hayo. Njoo mwezi wa pili, njoo na viatu vya matope. Nitakuachia shina moja ulifukue mwenyewe.

Wako katika kilimo,
Mkulima wa mtama, Dodoma