Kona za ndani: kwa nini hatuungi skatingi kwa digrii 45

Mteja akimwona fundi akisukuma ubao wa skatingi, ule unaofunika ukuta pale chini unapokutana na sakafu, hadi mwisho wa ukuta, ncha yake imekatwa mraba tu, huuliza: mbona hukati mshazari, 45 huku na 45 kule? Kwenye karatasi hesabu hiyo haina kasoro. Shida ni ukuta. Plasta hujaa konani, na kona inayoonekana ya digrii 90 ukiipima unaweza kukuta 88 au 92.

Ikiwa 92, mbao mbili za unene wa milimita 15 zilizokatwa 45 zitagusana nyuma, na mbele pabaki mwanya wa karibu robo tatu ya milimita. Ni mdogo, lakini kwenye rangi nyeupe huonekana kama mstari wa kalamu. Msumari ukivuta ubao ukutani mwanya huongezeka, na mbao ikisinyaa kwa ukavu huongezeka tena. Kuuziba kwa puti ni kuahirisha tatizo.

Kwa hiyo ubao wa kwanza unaingia mzima. Wa pili tunaukata kwanza digrii 45, si kwa ajili ya kuuunga, bali ili umbo la nakshi, yaani mikunjo iliyochongwa usoni mwa ubao, lijichore kwenye ukingo wa mbele. Mchoro huo tunaufuata kwa msumeno mdogo wenye wembe mwembamba, wa kukatia mikunjo, tukiulaza kidogo ili nyuma iliwe zaidi kuliko mbele. Kinachobaki kugusa ni ukingo wa mbele peke yake, nao hukaa juu ya nakshi ya ubao wa kwanza hata kona ikiwa imekosea. Tupa humalizia. Hapa ndipo muda unapokwenda, maana ubao hujaribiwa, ukatolewa, ukapigwa tupa, ukarudishwa.

Ubao huo huachwa mrefu kwa milimita moja hivi, ukapindwa kidogo katikati. Ukiachiwa, unajibana wenyewe.

Skatingi isiyo na nakshi haihitaji haya yote, na kona za nje bado tunazikata mshazari.

Mbao zikae ndani ya chumba siku chache kabla ya kazi. Na tukija kupima, utuonyeshe mlango unaotumika zaidi: tunaanza na ukuta unaoutazama, ili mwanya ukitokea baadaye, anayeingia asiuone.