Mpwa wangu, Nebaj haiingiwi bila hodi

Mpwa wangu mpendwa,

Kama umeshaamua safari yako ya Guatemala isiishie mji wa Antigua, bali upande mpaka kwa Waixil, jamii ya Kimaya, basi nisikilize kidogo. Miji yao ni mitatu, Nebaj, Chajul na Cotzal, ndani ya milima ya Cuchumatanes, mkoa wa Quiché. Kule kila kitu kinataka hodi.

Kwanza njia. Ndege ikipitia Marekani utahitaji viza ya kupita hata kama hutoki uwanjani. Wengi hukwama hapo. Ukitokea Kenya au Uganda, beba kadi ya homa ya manjano, na chanjo uwe umechoma angalau siku 10 kabla. Kutoka mji mkuu panda basi la Santa Cruz del Quiché, kisha kipanya cha Nebaj. Barabara inateremka hadi Sacapulas, kwenye joto la mtoni, halafu inapanda kona juu ya kona. Anayechafukwa na safari akae mbele. Ondoka Santa Cruz kabla ya saa nane mchana, maana jioni magari huadimika na ukungu hushuka. Kati ya Mei na Oktoba mvua huporomosha udongo barabarani, kwa hiyo jiwekee siku moja ya ziada. Nebaj iko kama mita 1,900 juu ya bahari. Baridi yake ni ya Njombe, si ya Mombasa.

Kamera iache mfukoni. Mtoto usimpige picha kabisa bila mzazi wake kukubali. Aprili 2000, huko Todos Santos, milima hiyohiyo, mtalii Mjapani na dereva Mguatemala waliuawa na umati kwa sababu ya uvumi kwamba wageni wanaiba watoto. Na hofu ya wageni ina mizizi mirefu: mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la nchi lilichoma sehemu kubwa ya vijiji vya Waixil, na tume ya ukweli iliyotoa ripoti mwaka 1999 ilikiita kitendo hicho mauaji ya kimbari. Usimuulize mtu habari za vita. Akitaka kusema, atasema mwenyewe. Ukikuta mlimani majivu na mabaki ya mishumaa, ni mahali pa ibada. Zunguka.

Sokoni, Alhamisi na Jumapili, utaona huipili, blauzi za akina mama. Shika moja uitazame pembezoni. Kitambaa cha mkono hufumwa kwa vijiti, ncha moja imefungwa kwenye nguzo na nyingine kiunoni mwa mfumaji, hivyo upana wake hauzidi mikono yake inapofika. Ndiyo maana blauzi huunganishwa kwa vipande viwili au vitatu, na kingo za kitambaa hazina mkasi wala hazichanuki nyuzi. Ukikuta kitambaa kipana kisicho na mshono, na maua yamechapwa juu juu, hicho ni cha kiwandani. Ya mkono huchukua wiki nyingi, hata miezi. Tafadhali usiibishanie bei kama mtumba.

Halafu kula boxbol, donge la mahindi lililoviringishwa kwenye jani, tena ukae jikoni uone inavyopikwa. Mahindi huchemshwa na chokaa, kama gramu 10 kwa kilo moja, yakalala usiku kucha, yakaoshwa mpaka maganda yatoke, ndipo yakasagwa yangali yameloa. Chokaa hiyo huifungua vitamini iliyojifungia ndani ya punje. Watu waliopokea mahindi bila kuipokea chokaa waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Donge hupakwa jembamba juu ya jani changa la güisquil, mmea unaotambaa kama wa maboga, likaviringishwa unene wa kidole, likachemshwa, kisha likamwagiwa mchuzi wa nyanya na mbegu za maboga zilizokaangwa na kusagwa. Jani likikomaa linakuwa kambakamba, na donge likiwa nene katikati hubaki bichi.

Siku ya pili tembea hadi Acul, saa mbili hivi kuvuka mgongo wa mlima. Chukua kiongozi wa palepale anayesema Kiixil: bibi wengi vijijini hawana Kihispania cha kutosha, na njia zinapita katikati ya mashamba ya watu, naye ndiye atakayekubishia hodi. Jibini ya Acul ni nzuri mno. Beba noti ndogo za quetzal, 5, 10 na 20, na uulizie gari la kurudi mapema, maana la mwisho halisubiri mtu.

Wako,
Mjomba