Malalamiko kuhusu friji za volti 12: tatizo ni waya wenu, si betri zetu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Mombasa.

MINT: FRIJI ZA KUBEBEKA ZA LITA 40, NYAYA ZA KUREFUSHIA NA WARANTI ILIYOKATALIWA

Baada ya salamu.

Tunaandika kwa pamoja, wenye boti za uvuvi na za watalii kuanzia Mtwapa hadi Shimoni, pamoja na madereva wa magari ya safari yatokayo Mombasa kwenda Tsavo. Friji zote tunazozilalamikia ni za aina moja na zimenunuliwa kwenu. Madai yetu ya waranti mmeyakataa kwa jibu lile lile, kwamba betri ya mteja ni dhaifu. Jibu hilo si kweli, na kila kipimo kilichomo humu fundi wenu anaweza kukirudia mwenyewe akiwa na mita ya kawaida ya kupimia volti.

Friji yenyewe hatuisingizii. Ni ya kompresa, si yale masanduku ya bei rahisi yanayopoza kwa kibamba cha umeme na feni, ambayo hayashuki zaidi ya digrii 18 au 20 chini ya joto la nje. Mchana wa Februari hapa kwetu, nje kukiwa na digrii 33, ndani ya sanduku la namna hiyo hubaki 13 au zaidi. Huo ni ubaridi wa soda, si wa samaki. Friji yenu ikipata umeme wake kamili hushuka hadi 4 bila taabu. Lakini chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo mliyotupa ni mbovu.

Ndani ya kasha mna waya wa mita 2.5, wenye unene wa milimita za mraba 0.75, na plagi ya soketi ya sigara. Kwenye boti, betri hukaa nyuma karibu na mashine, na friji hukaa kati au mbele. Kwa hiyo duka lenu huuza pia waya wa kurefushia wa mita 4, unene ule ule, ulioandikwa kuwa ni wa boti. Jumla mita 6.5. Umeme huenda na kurudi, basi hesabu ni ya mita 13. Shaba safi ya unene huo, kwa mita 13, ina ukinzani wa karibu omu 0.3. Kompresa ikivuta ampea 5, volti 1.5 zimepotelea njiani. Betri yenye volti 12.4, ambayo bado imejaa kiasi cha robo tatu, huifikishia friji volti 10.9. Kijitabu chenu chasema kwamba ulinzi wa betri ukiwekwa H (kiwango cha juu), friji hujizima ikipata chini ya 11.1. Basi inajizima, kioo kinaandika E1, na betri haina kosa lolote.

Hapo tumehesabu kana kwamba waya wote ni shaba. Wa kurefushia si shaba. Tumeukata: nje una rangi ya shaba, ndani ni mweupe. Ni aluminiamu iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Waya unaofaa baharini ni wa shaba iliyopakwa bati, nao ukiukwaruza kwa kisu huwa mweupe nje na mwekundu ndani. Wenu ni kinyume chake. Ukinzani wa waya huu unazidi wa shaba kwa karibu nusu, kwa hiyo volti zinazopotea zinakaribia 2. Chumvi nayo ikishaingia mahali ngozi ile ilipokatwa, pale kwenye kiungo, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Kuuita waya huo wa boti ni jambo ambalo hatukulitarajia kwa duka lililo hatua chache kutoka baharini.

Fundi wenu alipoletewa friji hizi alipima volti kwenye plagi, akakuta 12.4, akaandika kwamba waya ni mzima. Alipima kompresa ikiwa imesimama. Umeme usipopita, hata waya mwembamba kama uzi wa mshono utaonyesha volti zile zile kila upande. Kipimo chenyewe hufanywa hivi: friji iwekwe kwenye baridi kali ili kompresa iendelee kufanya kazi, ipimwe volti kwenye vichwa vya betri, kisha ipimwe pale waya unapoingia kwenye friji, kompresa ikiwa bado inanguruma. Tofauti ikizidi volti 0.5, mwenye makosa ni waya, plagi au kiungo. Sisi tunapata 1.5 hadi 2 kwenye nyaya zenu. Tukitumia shaba ya milimita za mraba 4, urefu ule ule, tunapata chini ya 0.3, na friji ile ile iliyorudishwa kwenu kuwa "betri mbovu" inafanya kazi usiku kucha.

Kuna jingine linalotokana na hilo. Friji ikijizima, mzigo unaondoka na volti zinarudi juu papo hapo, 12.4, ambacho ndicho kiwango cha kuwaka tena ikiwa kwenye H. Kompresa inawaka, volti zinaanguka, inazima, inawaka. Kuwaka na kuzima kwa namna hii ndiko kunakozalisha E3, ile ya kompresa kushindwa kuanza. Kwa hiyo friji mlizozipokea zikiwa na E3, mkasema kompresa imechezewa, zilianza safari yao kwenye waya wenu.

Sasa tunafika kwenye ushauri wenu wa simu, na hili ndilo linalotukera kuliko yote. Mteja akilalamika juu ya E1, anaambiwa: "Weka L." Kweli, E1 inapotea. Inapotea kwa sababu L (kiwango cha chini cha ulinzi) huiruhusu friji kuendelea kunyonya mpaka ipate volti 9.6. Hata ukiongeza zile 1.5 zinazopotea njiani, betri yenyewe imeshashuka hadi 11.1, na betri ya risasi na asidi ikiwa hapo haina tena nguvu ya kuzungusha stata. Mteja akija kununua waya mzuri baadaye akasahau kurudisha H, ni mbaya zaidi, maana sasa betri itanyonywa hadi 9.6 kamili. Kwenye gari, hiyo ni taabu ya kutafuta mtu wa kukusukuma. Kwenye boti iliyo nje ya mwamba wakati wa kusi, ni hatari ya roho. Mashine ya nguvu-farasi 15 huvutwa kamba ikawaka. Mashine kubwa ya boti ya watalii haiwaki kwa kamba kirahisi hivyo, na mawimbi hayasubiri. Ushauri sahihi ungekuwa huu: friji ipewe betri yake peke yake, mbali na betri ya kuwashia mashine, na ikiwa lazima zitumie betri moja, ulinzi ubaki H na usiguswe.

Plagi ya soketi ya sigara tuitaje kwa ufupi. Hushikwa na springi ndogo tu. Boti ikipigapiga mawimbi inalegea, chumvi inaweka kutu, pale penye kutu panapata joto, plastiki inayeyuka. Baadhi yetu wamewaletea plagi zilizoyeyuka, mkasema mteja alizidisha mzigo. Friji ya ampea 5 inazidishaje mzigo? Kwenye chombo cha baharini, waya wa friji hufungwa moja kwa moja kwenye betri kwa vichwa vya pete, na fyuzi ya ampea 15 kwenye upande wa chanya, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye betri. Fyuzi iliyo ndani ya plagi, upande wa friji, hailindi waya uliopita chini ya sakafu ya boti. Na ile adapta ya umeme wa nyumbani mnayotia kwenye kasha ina pini mbili za mviringo, ilhali soketi za Kenya ni za pini tatu. Jambo dogo, lakini linaonyesha kwamba hakuna aliyefungua kasha kabla ya kuliuza.

Tangazo lenu linasema friji hukaa siku tatu kwa betri ya gari. Tuhesabu. Kompresa inavuta ampea 5 ikiwa inafanya kazi, na katika joto letu hufanya kazi kama nusu ya muda, friji ikiwa kwenye digrii 4 na mfuniko haufunguliwi ovyo. Hiyo ni wastani wa ampea 2.5, sawa na ampea-saa 60 kwa siku. Betri ya gari ya ampea-saa 70 haifai kushushwa chini ya nusu, basi kuna 35 za kutumia: saa 14. Mtu akitaka kugandisha, kompresa haipumziki, na ni saa 7 tu. Siku tatu zinahitaji ampea-saa 180, na hakuna gari dogo lenye betri hiyo. Mnasema pia paneli moja ya wati 100 inatosha. Jua la Mombasa siku nzuri huipa paneli hiyo ampea-saa 30 hivi, nusu ya mahitaji, na wakati wa masika hata hizo huzipati.

Msione kuwa ni hesabu za kubishana tu. Anayeamini siku tatu anapakia nguru na jodari jioni akalala. Samaki wa jamii hiyo wakipata joto kwa saa kadhaa, bakteria hutengeneza ndani yao sumu iitwayo histamini, na histamini haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kugandisha baadaye. Mlaji huvimba uso, akapata vipele na moyo kumwenda mbio, na lawama humwangukia mvuvi.

Kuna lebo iliyobandikwa nyuma ya friji. Imeandikwa daraja la hali ya hewa N, maana yake imetengenezwa kwa joto la nje la digrii 16 hadi 32. Iko ST inayofika 38, na T inayofika 43. Mmeagiza N na kuileta pwani, kisha picha ya tangazo inaonyesha friji imesukumwa chini ya benchi la boti, matundu ya hewa yamegusa ubao. Matundu hayo yanahitaji nafasi ya sentimita 10 kila upande. Yakizibwa, joto linalotolewa linarudi ndani, na kompresa haizimi tena. Picha ya pili inaonyesha friji juu ya sitaha ikirukiwa na maji ya mawimbi. Lebo haina daraja lolote la kinga ya maji, na bodi ya umeme iliyo nyuma ya feni haijapakwa hata rangi ya kinga. Halafu mteja akija na bodi iliyoliwa, mnamwandikia: "Iliingia chumvi, waranti haihusiki." Tangazo linaita baharini, waranti inakataa bahari.

La mwisho upande wa ufundi: lebo inataja gesi ya kupozea ya R600a, ambayo inashika moto. Fundi wenu ameongeza R134a kwenye friji mbili kati ya hizi, na ameandika hivyo kwenye risiti. Gesi hizo hazichanganywi, na mfumo wa R600a haufunguliwi kwa moto wa kuchomelea bila gesi kuondolewa na chumba kupata hewa. Friji hizo mbili hatuzipokei tena kwenye boti zenye mafuta ya petroli.

Tunachotaka ni hiki. Kila aliyenunua waya wa kurefushia apewe wa shaba iliyopakwa bati, milimita za mraba 4 au zaidi, wenye vichwa vya pete na fyuzi, bila malipo. Madai yote yaliyokataliwa kwa E1 na E3 yapimwe upya, kompresa ikiwa inafanya kazi, mteja akiwepo. Friji mbili zilizotiwa gesi isiyo yake zibadilishwe. Anayetumia friji baharini au ndani ya gari na aliuziwa daraja la N achague kurudishiwa pesa au kupewa la T. Tangazo la siku tatu na la paneli moja liondolewe, na wahudumu wenu wa simu waache leo kuwaambia watu waweke L. Hilo la mwisho haligharimu kitu, na halipaswi kungoja kikao.

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na maelezo ya kumwezesha kuzitumia, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Tusipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, tutapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na kila mmoja wetu atafungua dai lake katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Nyaya tulizozikata, plagi zilizoyeyuka na risiti za gesi tunazo. Fundi wenu anakaribishwa kuja kupima kwenye boti zetu wakati wowote maji yakijaa. Aje na mita yake.

Wenu,
Wenye boti na madereva wa safari, Mombasa na Pwani ya Kusini

Viambatisho: nakala za risiti, picha za nyaya na lebo, jedwali la vipimo vya volti kwa kila friji.