Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Mto Kujaa na Mto Kukauka Ndani ya Mwaka Mmoja

Wazee wetu, kina mama, vijana wote wa kutoka Jilore, Kakuyuni na Madunguni mpaka huku Sabaki na Mambrui, assalam aleikum na Bwana asifiwe. Mambo ya chama chetu cha wakulima wa kumwagilia nitayapitia haraka, mambo ya mto wetu Sabaki nitayakalia, kwa sababu mto ndio umetushughulisha mwaka mzima na bila mto hakuna chama.

Tuliingia 2024 tope la Novemba 2023 bado liko mashambani. Mwakumbuka kabla ya hapo mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, toka vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022, watu wanaburuta mipira ya pampu mpaka katikati ya mchanga kufuata maji, alafu El Niño ikaja maji yakapanda juu ya mahindi. Tukasema sawa, El Niño hiyo itapita, tukapanda tena. Aprili na Mei 2024 mto ukajaa tena, migomba ikaenda, pampu zingine zikaenda, nchi nzima watu zaidi ya mia mbili walikufa kwa mafuriko yale. Tukangoja vuli ituponye, vuli nayo ikaja hafifu, na kufika Disemba watu walikuwa wanachimba mifereji mchangani kuyavuta maji yafike kwenye pampu. Mwaka mmoja huo, mto ni ule ule.

Kwa hivo ninachotaka kiwaingie ni hiki. Ukichukua maji yote yaliyopita hapa mwaka mzima ukayajumlisha ukayagawa kwa miezi, utaambiwa Sabaki una maji ya kutosha tena mengi, na hivi ndivyo tunavyoambiwa kwenye mikutano mingi. Lakini bamia haimwagiliwi na wastani. Maji yaliyopita Mei yote yako baharini, hayakusaidii Disemba.

Kuna wanaouliza mbona yanajaa na hapa hata hakujanyesha. Huu mto ni mrefu, kama kilomita 390, ndio wa pili Kenya baada ya Tana, waanzia huko milima ya Ngong na kandokando ya Nairobi ukiitwa Athi, wapita Machakos na Makueni, wakutana na mto Tsavo ndipo unaitwa Galana, na ukifika kwetu ndio Sabaki. Kwa hivo jua laweza kuwa linawaka Malindi na wewe shamba lako linazama na mvua ya Machakos. Maji ya Tsavo nayo ndiyo yanatubeba kiangazi, mengi yatoka chemchemi kama Mzima, ambayo ni mvua iliyozama kwenye mawe ya vilima vya Chyulu ikatoka pole pole. Watu hupenda kusema barafu ya Kilimanjaro ikiisha chemchemi za mlimani zitakufa, na kweli barafu imepungua sana, zaidi ya asilimia 80 toka 1912, lakini chemchemi zile kwa sehemu kubwa zalishwa na mvua inayonyesha kwenye msitu wa mlima sio barafu. Msitu ukikatwa huko ndio sisi huku tutajua.

Sasa hali ya hewa yenyewe. Hewa ikiongezeka joto digrii moja yaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, kwa hivo ikija kumwaga yamwaga kwa nguvu, na isipomwaga ile joto yanyonya maji kwenye udongo na kwenye mto mchana kutwa. Ndio maana utaona mafuriko na ukame vyote vinazidi, havipingani. Wanasayansi waliopima ukame ule wa 2020 mpaka 2022 walisema joto la dunia lilifanya uwezekano wake uwe angalau mara 100 zaidi, na sababu kubwa ilikuwa huko kukauka kwa udongo kwa joto. Wakapima na mvua za Oktoba mpaka Disemba 2023 wakakuta ukali wake huenda uliongezeka hadi mara mbili. Alafu kuna bahari yetu hii hii, upande wetu wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huku huwa ya kupindukia. Ndivyo ilivyokuwa 1961 ambayo wazee wanaihesabia miaka ya kuzaliwa watu, ikawa 1997, ikawa 2019, na 2023 pia. Mvua za mwaka nazo, yaani masika, zile tulizorithi kuzitegemea toka Machi, zilipungua kuanzia miaka ya themanini, na zikirudi kama 2024 zarudi kwa fujo.

Udongo ni jambo linaloniuma sana. Mvua kali ikipiga ardhi tupu yachukua udongo, basi maji ni mekundu mpaka ndani ya bahari, na kaskazi ikivuma lile tope lasukumwa hadi ufuo wa Malindi na kwenye matumbawe ya hifadhi yetu ya bahari, iliyotangazwa 1968. Tumbawe hukua kwa matabaka mwaka baada ya mwaka, na watafiti walitoboa moja hapo hapo Malindi lenye miaka kama 300, wakakuta tope la mto lilikuwa karibu kiwango kimoja toka 1700 mpaka 1900, kuanzia hapo likapanda bila kurudi nyuma. Kwa hivo tusiitwike lawama hali ya hewa peke yake. Ni mashamba ya miteremko huko juu, ni makaa, ni mchanga unaochotwa kwa malori, na ni sisi pia tunaolima mpaka ukingoni kabisa kisha ukingo ukimeguka twalia. Sheria yataka tuache mita 6 mpaka 30, na kamati imeamua kuanzia msimu huu shamba lililolimwa mpaka majini halitapewa zamu ya pampu ya chama. Najua kuna watakaokasirika. Mimi nasimama na uamuzi huu.

Ndugu zetu wa mdomoni mwa mto wana shida yao. Mto ukipungua, bahari yaingia, na wakati wa bamvua, bahari ikijaa kupita kawaida, chumvi yapanda juu zaidi, visima vinabadilika ladha na mchicha unaungua majani. Bahari yenyewe imepanda kama sentimita 20 toka 1900 kwa wastani wa dunia. Tuliyokubaliana ni kuonja maji kabla ya kuwasha pampu, na kuvuta maji yakipwa sio yakijaa.

Bwawa la Thwake kule Makueni, lenye kuchukua mita za ujazo milioni 688, wengi mmeniuliza. Mimi silipingi, bwawa laweza kupunguza kishindo cha mafuriko na kutuachia maji kiangazi, lakini hilo lategemea litakavyofunguliwa na nani ataulizwa. Sheria ya maji ya 2016 yasema kuna akiba lazima ibaki mtoni kwa mahitaji ya watu na viumbe. Tena sio sisi wakulima tu, visima vya Baricho vinavyonywesha Malindi, Kilifi hadi Mombasa vyategemea mchanga huu huu ulioloweshwa na mto. Tumeandika barua kuomba kiti pale watakapopanga, jibu bado, tutaandika tena.

Kwa upande wa kazi, vijana wa Garashi sasa wanapiga simu wakiona maji yanapanda, na mwezi wa Mei hilo liliokoa pampu kadhaa za huku chini, nawashukuru sana. Vidimbwi vya kuweka maji ya mafuriko vimeanza kwa wachache, vyapungua kwa jua lakini vilitoa nyanya Disemba wakati wengine hawana kitu, kwa hivo pesa ya chama mwaka huu naomba iende huko kabla ya pampu mpya. Viboko wameharibu sana kiangazi hiki, ripoti zimepelekwa kwa wanaohusika.

Hesabu atazisoma mweka hazina baada yangu. Miche ya ukingoni, mianzi na mikuyu, iko tayari kwenye kitalu, kila mwanachama aje achukue kabla ya mwisho wa Februari, na wa Mambrui waseme leo kama wataletewa kwa boda au watakuja wenyewe.