Mama Mdogo, Furu Hana Jini

Mama mdogo, shikamoo.

Najua ulifika Sengerema salama, maana kabla sijaamka ulikuwa umeshavuka Daraja la Kigongo–Busisi, na kabla chai haijachemka habari zilikuwa zimejaa kwenye grupu la ukoo: kwa mtoto wa dada kuna paka si paka, usiku kaanguka, katoa povu, macho yamegeuka. Mpaka mchana watu wa Magu walikuwa wananipigia kuniuliza nimefuga nini. Kwa kuwa uliyasema mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu, kwa heshima zote.

Ulichokiona ulikiona, sikatai. Saa nane ya usiku paka wangu Furu alidondoka kutoka kwenye kochi, akakakamaa miguu, akajikojolea, taya likawa linagongana. Ilikuwa kama dakika moja. Uliniona naangalia simu ukadhani nina moyo wa jiwe, kumbe nilikuwa nahesabu. Daktari wa mifugo aliniambia hivi: ikizidi dakika tano, au zikifuatana bila kuzinduka katikati, hiyo ni dharura, mbebe uje naye. Isipofika huko, kazi yangu ni kusogeza stuli, kuzima taa na kuweka mikono mbali na meno yake. Wewe ulikimbilia kijiko. Kijiko hakitiwi mdomoni, awe paka, awe mtu.

Ni kifafa tu.

Nilimtoa Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza, kwa mama mmoja muuza dagaa. Kila akianguka, vijana walikuwa wanammwagia ndoo ya maji eti pepo litoke. Yule mama alikuwa amemficha chini ya meza, nyuma ya magunia, na hakunidanganya hata kidogo: "Huyu anaanguka. Ukimchukua usinirudishie." Nikamwita Furu, kwa sababu ya wale samaki wadogo ambao sangara alikaribia kuwamaliza ziwani na mpaka leo wengine bado wapo.

Daktari mwenyewe kazi zake nyingi ni ng'ombe na kuku wa mayai, lakini alimchukulia Furu kwa uzito kuliko nilivyotegemea. Swali la kwanza: kichaa cha mbwa? Maana paka naye hukipata, na hicho si cha kuchezea. Akaniamuru nimtenge siku kumi, nisiguse mate yake. Siku kumi zikapita, mnyama anakula, anajilamba, anapiga kelele za njaa. Swali la pili lilinishtua: kuna mtu amempaka dawa ya kupe ya mbwa? Zile zenye permethrin humtetemesha paka na kumwangusha, hata kumuua. Mwili wake hauwezi kuivunja kama wa mbwa. Hapana, hakuna aliyempaka. Damu ikapimwa, haikuonyesha kitu. Nikamrekodi kwa simu akiwa ameanguka, daktari akaitazama video mara tatu, akaandika cheti.

Dawa yake ni fenobabitoni. Kidonge cha miligramu 30, Furu ana kilo nne, anakula robo ya kidonge saa moja asubuhi na robo nyingine saa moja jioni. Ile wembe na sahani uliyoikuta juu ya friji ukaisimulia kwenye grupu kama vifaa vya mganga, ndiyo kazi yake. Kidonge kikikatika vibaya kinakuwa unga, basi nalamba kidole kwa kusahau, mdomo unakuwa mchungu mpaka adhuhuri. Mwanzoni nilikificha kwenye mnofu wa sangara. Alikula mnofu wote, akakiacha kidonge katikati ya sahani kikiwa kikavu kabisa! Sasa namfungua taya tu, nakiweka nyuma ya ulimi, namfuatishia maji kidogo kwa bomba la sindano.

Wiki mbili za kwanza alitembea kama mtu anayetoka kilabuni, akagonga milango, akala kama hajawahi kula. Kisha mwili ukazoea. Zamani alianguka kila wiki. Kabla ya usiku ule uliokuwepo wewe, alikuwa amekaa miezi mitatu. Ndiyo maana sikukutahadharisha, nilijisahau, na kwa hilo naomba radhi. Umelala nyumba ya mtu ulipaswa kujua.

Sasa hili ningependa kukwambia uso kwa uso, lakini hupokei simu zangu.

Dawa hii ndiyo aliyokuwa anakula mjomba. Vidonge vilevile vyeupe vya zahanati, dawa iliyoanza kutibu kifafa tangu mwaka 1912, bibi wa bibi yetu akiwa binti. Alikaa muda mrefu bila kuanguka, akasema amepona, akaviacha siku moja. Kuviacha ghafla ndiko kunakorudisha kifafa kwa nguvu, kwa mtu na kwa paka. Mnakumbuka alikoangukia: Igombe, akiosha ndoo, maji hayakufika magotini. Msibani watu walisema amevutwa. Nilikuwa darasa la nne, nami nilikwenda shuleni nikasema hivyohivyo, amevutwa. Sikulaumu kwa usiku ule, mama mdogo. Uliyemwona sakafuni kwangu nadhani hakuwa paka.

Basi ndiyo hivyo. Nikisafiri, binti wa jirani ndiye anampa dawa, nimemfundisha kwa wembe na peremende. Kila baada ya miezi kadhaa Furu anapimwa damu kuangalia ini. Hatoki nje nisipokuwepo, mawe ya mtaa wetu unayajua, akianguka juu ya jabali anaporomoka mpaka kwa watu. Gharama kubwa kwangu si kidonge, ni kuwahi nyumbani saa moja.

Kanga yako uliisahau, ile ya njano. Nilitaka kuifua niitume kwa basi, lakini Furu ameilalia tangu uondoke, nikiivuta ananiangalia vibaya. Ukija kuichukua, uje na michembe ya viazi.